Vyombo vya Jirani na Jina Lako Kule CRB

Somo: 2 Wafalme 4:1–7. Soma pia Mithali 27:23, 2 Wakorintho 8:12 na Filemoni 18–19.

 

Kwa wale hawakuwa nasi Jumapili (najua wengine mlikuwa Kibuye, Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko, Mungu awabariki, lakini tutaongea), ujumbe ulihusu madeni. Wachache walinung'unika. Ndugu mmoja aliniambia mlangoni, "Pastor, leo umetuhubiria benki." Nikamwambia, nenda usome Wafalme wa Pili sura ya 4, halafu urudi uniambie kama Elisha alihubiri benki.

Sababu ya somo hili ni kisanduku cha maombi. Mnakijua, kile cha mbao pale karibu na mlango. Mwezi uliopita nilikifungua na wazee wa kanisa tukasoma karatasi moja moja. Karatasi za ugonjwa zilikuwapo, za ndoa zilikuwapo, za watoto wa shule zilikuwapo. Lakini zile nyingi zilisema hivi: "Mchungaji niombee Mungu afute jina langu CRB." Mwingine aliandika, "Mtumishi, nivunjie roho ya CRB." Mwingine alitaka niwekee simu yake mafuta.

Wapendwa, mafuta ninayo. Lakini kwanza tumtazame mama huyu wa 2 Wafalme, kwa maana yeye ndiye alikuwa na mafuta ya kweli.

Biblia inatuambia mumewe alikuwa mmoja wa wana wa manabii. Sikieni vizuri. Hii haikuwa nyumba ya walevi, ilikuwa nyumba ya mtumishi, mtu aliyemcha Bwana. Akafa akaacha deni. Na aliyewadai anakuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Kwa Kijaluo tunaliita gowi, na gowi haiulizi kama marehemu alikuwa mzee wa kanisa.

Sasa angalia nabii anafanya nini. Hamlaani mdai. Haombi moto ushuke juu ya mdai. Hamwambii mama kwamba deni limefutwa katika ulimwengu wa roho, enda nyumbani ulale. Anamuuliza swali moja: una nini nyumbani? Na mama anajibu. Anajua kilichomo. Chupa moja ya mafuta, basi. Hiyo ndiyo Mithali 27:23, ile ya kuijua hali ya makundi yako. Wangapi hapa leo wanaweza kujibu swali la Elisha upande wa pili: unadaiwa nini, na nani, tangu lini? Najua wengi mkiulizwa mnapepesa macho tu.

Kisha nabii anamwambia akaombe vyombo kwa majirani wote, vitupu, na visiwe vichache. Hapa nimekaa siku tatu. Kwa nini majirani walimpa? Fikiri. Mjane, ana deni, mdai yuko njiani, mtaa mzima unajua. Wewe ungempa sufuria yako? Wamama, semeni ukweli. Kuna jirani akituma mtoto aje kuazima sufuria kubwa, unaitoa bila kuuliza. Kuna mwingine akituma mtoto, unasema, "Mwambie mama iko na mboga." Haina mboga! Ni vile sufuria ya mwaka juzi haijarudi mpaka leo. Hukuandika popote, lakini unakumbuka.

Hiyo kumbukumbu yako ya sufuria, wapendwa, ndiyo CRB. Mama huyu alipata vyombo vingi kwa sababu mtaani kwake alikuwa na historia ya kurudisha vyombo. Muujiza wa mafuta ulitoka kwa Mungu, lakini vyombo vilitoka kwa majirani. Na mafuta yalikoma vyombo vilipokoma.

Sasa nieleze CRB ni nini, maana naona watu wanaiogopa kama pepo na hawaijui. Ni kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo, na zinapewa leseni na Benki Kuu ya Kenya. Ziko 3: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Ya kwanza ilipata leseni mwaka 2010. Benki, Sacco nyingi, HELB, na wakopeshaji wengine walioruhusiwa hupeleka huko habari zako. Mwanzoni zilikuwa habari mbaya tu. Tangu kanuni za mwaka 2013 zinakwenda na nzuri pia: mkopo uliochukua, uliolipa kwa wakati, unaoendelea kulipa. Kwa hivyo ukisema "niko CRB" kama mtu anayesema ana ugonjwa, mimi nakujibu, hata mimi niko CRB. Karibu kila mtu aliyewahi kukopa kwa simu yuko. Swali ni kitabu chako kinasema nini.

Na CRB haikatai mtu mkopo. Anayekataa ni yule mwenye pesa, baada ya kusoma. Ni kama jirani na sufuria.

Mkopo ukikaa siku 90 bila kulipwa, unahesabiwa kuwa mkopo mbaya. Lakini kabla mkopeshaji hajapeleka habari mbaya juu yako, sheria inamtaka akupe notisi ya siku 30. Hiyo notisi siku hizi inakuja kwa ujumbe wa simu, na sisi tunaifuta pamoja na matangazo ya kamari. Wapendwa, someni jumbe zenu. Siku 30 ni muda wa kutosha wa kupiga simu na kusema, "Sina yote, nina hii, nipangieni." Mithali 6 inamwambia mtu aliyejifunga kwa deni asilale usingizi, aende akajinyenyekeze. Inamwambia afanye hivyo haraka, kabla hajafunga macho.

Tena kuna kiwango. Kanuni za Aprili 2020 zilisema deni lisilofika shilingi 1,000 lisipelekwe CRB kama habari mbaya. Mwaka huo huo zile apu za mikopo zilizokuwa hazina msimamizi zilizuiwa kupeleka majina ya watu. Na kanuni za mwaka 2022 za wakopeshaji wa kidijitali zinawakataza kupigia simu watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha. Kwa hivyo mtu akimpigia mama mkwe wako akimwambia wewe ni mwizi, huyo amevunja sheria, na una haki ya kulalamika Benki Kuu. Deni lako bado unalo. Lakini aibu hiyo si halali yake.

Nirudi kwa mama wetu mmoja. Simtaji, amenipa ruhusa kusema habari bila jina. Anauza mgongo wazi kule Obunga. Wageni wetu, mgongo wazi ni mifupa ya mbuta baada ya viwanda kutoa minofu. Wanaikaanga, na ni chakula cha watu wengi mjini huu. Mama huyu ana miaka mingi kwa hiyo kazi, na alitaka kununua friza, aache kupoteza samaki siku mzigo unapozidi. Akaenda Sacco yake, ana akiba, ana wadhamini. Akaambiwa, mama, una deni baya CRB. Akalia. Akaja kwangu akisema ni wachawi wa sokoni.

Nikamwambia tusubiri kuwataja wachawi, kwanza tuombe ripoti. Kila Mkenya ana haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka kwa kila moja ya zile kampuni 3. Bure! Usilipe broka wa mtandaoni anayesema "nasafisha CRB kwa siku moja". Hakuna mtu wa mtaani mwenye funguo za kitabu hicho. Ukitaka cheti cha kuonyesha uko safi, kile cha kazi, hicho ni kitu kingine, na mara nyingi hulipiwa. Lakini ripoti yenyewe ni haki yako.

Ripoti ikaja. Mkopo wa simu, shilingi 1,850, wa miaka mitatu nyuma, kwa laini ambayo hata yeye hakuikumbuka. Akakaa, akawaza, akasema: "Pastor, hiyo laini nilimpa mtoto wa dada yangu akienda Mbita." Kijana alikopa kwa kitambulisho cha shangazi, laini ikapotea ziwani, na deni likabaki kwa jina la shangazi. Shilingi 1,850 ilikuwa imesimama kati ya mama na friza.

Nawaomba hapa tusicheke. Kwa maana mama wa samaki asiye na mtaji, kule ufuoni kuna mtu yuko tayari kumkopesha kwa masharti mengine. Mnajua ninasema nini. Jaboya. Sitaki kulisema kwa kunong'ona, kanisa limelinong'ona vya kutosha. Mwanamke anayekosa pesa ya kununua samaki anaombwa mwili wake. Ndiyo sababu pale Nduru Beach mwaka 2011 wamama walianza kumiliki boti zao wenyewe. Kwa hivyo mtu asiniambie ripoti ya mikopo ni mambo ya dunia yasiyofaa madhabahuni. Mkopo wa halali, wa riba inayobebeka, kwa jina lake mwenyewe, kwa mama mwingine ndio ukuta kati yake na dhambi ambayo hakuitaka.

Mama alilipa ile 1,850 na kilichoongezeka juu yake. Akatunza ujumbe wa M-Pesa. Akaandika kwa mkopeshaji kuomba barua kwamba deni limeisha. Ripoti ikabadilika ikaonyesha limelipwa. Sikieni, haikufutika. Habari ya deni baya inaweza kukaa hadi miaka 5 baada ya kulipa. Lakini deni baya lililolipwa na deni baya lililokaa si kitu kimoja machoni pa mkopeshaji, na Sacco yake ilimsikiliza. Friza iko Obunga. Utukufu kwa Mungu.

Sasa kuna wale ambao ripoti imekosea. Hilo pia hutokea. Dereva wetu mmoja wa boda alimaliza kulipia pikipiki, na kitabu kikaendelea kusema anadaiwa. Una haki ya kupinga. Andika kwa mkopeshaji na kwa ile CRB yenyewe, weka ushahidi wa malipo, na watatakiwa kuchunguza. Ikionekana ni kosa, linarekebishwa. Ndiyo maana nawaambia msifute jumbe za malipo. Tunatunza picha za harusi za watu tusiowajua, tunafuta risiti.

Nigusie kile kipindi cha mwaka 2022, maana kimeacha mafundisho mabaya. Novemba mwaka huo Benki Kuu ilitangaza mpango wa kurekebisha mikopo midogo ya simu, ile ya siku 30 kushuka chini, iliyokuwa imeharibika kufikia mwisho wa Oktoba. Benki zilitakiwa kupunguza angalau nusu ya deni, na mkopaji alipe iliyobaki kwa mpango mpaka tarehe 31 Mei 2023. Ilitarajiwa kuwasaidia zaidi ya watu milioni 4.2. Ilikuwa neema, sawasawa. Lakini wengi walisikia neno moja tu, "kufutwa", wakatulia nyumbani wakisubiri. Nusu ilisamehewa kwa yule aliyekuja kulipa nusu nyingine. Wengine kati yetu bado wanasubiri serikali ifute.

Na hapo ndipo mafundisho yetu yanachanganyikiwa. Kolosai 2 inasema hati iliyotushitaki iligongomewa msalabani. Amina. Hiyo ni hati ya dhambi. Hapo hukuwa na uwezo wa kulipa hata senti. Lakini ile hati ya Sacco, Yesu hakuichukua mfukoni mwa jirani yako. Pesa iliyo Sacco ni ya mama wa omena aliyeweka mia mia. Ukiomba ifutwe kimiujiza, unaomba Mungu amwibie dada yako. Zaburi 37 inamwita anayekopa asilipe jina ambalo sitalirudia hapa. Msome wenyewe, mstari wa 21.

Mnaniskia? Wacha niseme na lingine, na hili linanigusa mimi na wahubiri wenzangu. Msitoe sadaka ya Fuliza. Narudia. Usikope kwa simu ili upande mbegu. Nimesikia mikutano mjini hapa watu wanaambiwa, "Kama huna, kopa, Mungu atalipa." 2 Wakorintho 8:12 inasema sadaka inakubaliwa kwa kadiri ya kile mtu alicho nacho, si kwa kile asicho nacho. Paulo alikuwa anachangisha pesa wakati anaandika hayo, na bado aliyaandika! Kama huna Jumapili hii, kaa, imba, shukuru. Hakuna mtu atakuangalia vibaya katika nyumba hii, na akikuangalia vibaya, nileteeni jina.

Hesabu yenyewe ni hii. Mikopo ya simu ilipoanza na M-Shwari, Novemba 2012, ada ilikuwa asilimia 7.5. Unachukua 1,000, unarudisha 1,075 kwa siku 30. Inasikika ndogo. Lakini yule anayekopa, analipa, anakopa tena siku hiyo hiyo, mwaka mzima, amelipa ada ya 900 kwa matumizi ya elfu moja ile ile. Hustler Fund ilipoanza Novemba 2022 ilikuja na asilimia 8 kwa mwaka. Sisemi kopa huko wala usikope. Nasema mtu ajue tofauti ya asilimia ya mwezi na ya mwaka kabla ya kubonyeza 1 kukubali.

Tena kukopa ili kulipa mkopo, kisha kukopa ili kulipa huo, kitabu kinaonyesha yote. Anayesoma anaona mtu mwenye mikopo sita kwa mwezi mmoja, hata kama yote amelipa, na anajiuliza huyu anaishi vipi. Vijana wetu wa kamari mnanielewa.

Vijana, na ninyi mnaotafuta kazi, mnajua safari ya vyeti: polisi, KRA, HELB, EACC, na CRB. Mtoto amesoma Maseno miaka minne, amepata barua ya mahojiano, na mkopo wa simu wa shilingi 1,400 aliochukua kununua viatu unamsimamisha. Wazazi, muwaambie mapema.

Sasa udhamini. Najua ni neno gumu kwa kanisa, maana tunapendana, na mtu akija na fomu ya Sacco baada ya ibada unaogopa kusema hapana. Mithali imeonya juu ya udhamini mara nyingi, na wengi wanaishia hapo. Lakini Filemoni iko pia. Paulo alimwandikia Filemoni kwamba kama Onesimo anadaiwa chochote, aandikiwe yeye Paulo, na akasema atalipa, na akaweka mkono wake mwenyewe. Paulo hakusaini akitumaini Onesimo atalipa. Alisaini kwa kuwa alikuwa tayari kulipa. Basi kipimo ni hicho. Ukiletewa fomu, jiulize kama leo, kwa pesa ulizo nazo, ungelipa deni hilo bila chuki. Kama ndiyo, saini kwa furaha. Kama sivyo, mwambie ndugu yako kwa upole, "Siwezi," na umpe mia tano ya unga kama unayo. Na wewe unayetafuta mdhamini, usimfuate mtu kwenye foleni ya kusalimiana na mchungaji ili aone haya.

Waume na wake. Nilishauri wanandoa wawili mwaka huu, nyumba mbili tofauti, shida moja. Mume alikuwa na mikopo minne mke haijui. Katika nyumba ya pili mke ndiye. Anaamka usiku simu ikilia anaizima chini ya mto. Mke wa nabii katika somo letu alijua deni la mumewe. Ndiyo maana alipofika kwa Elisha alikuwa na la kusema. Hebu wiki hii, kila nyumba, mume na mke mkae mezani baada ya watoto kulala, kila mmoja aweke simu yake juu ya meza. Kama kutakuwa na kelele, afadhali kelele za wiki hii kuliko mnada wa mwaka ujao.

Na mafuta yalipojaa vyombo, nabii alimpa mama mpangilio: uza, lipa deni, kisha wewe na wanao mwishi kwa kilichobaki. Kuuza kwanza, kulipa pili, kula tatu. Sisi omena ikitoka vizuri, giza la mwezi likiwa zuri, tunakula kwanza, tunanunua seti ya viti, halafu mdai anaambiwa ziwa lina gugu maji.

Jumatano hii, baada ya maombi ya saa saba mchana, tutakuwa na meza pale nyuma ya kanisa. Dada yetu anayefanya kazi Sacco na ndugu mmoja wa idara ya vijana watasaidia watu kuomba ripoti zao. Njoo na kitambulisho na simu yako, na kama una laini za zamani njoo nazo. Ripoti yako utaisoma wewe mwenyewe, hakuna atakayeitangaza. Wale wanaopinga kosa walete jumbe za malipo au karatasi za benki. Wasiojua kusoma waje na mtu wanayemwamini, au waniite mimi. Karatasi zile za kisandukuni bado ninazo, na tutaziombea kila moja, lakini kwa maombi hayo nitamuuliza mwenye karatasi kile Elisha alimuuliza mama: una nini nyumbani, na unadaiwa na nani?